Sura ya Sita: Mtaa wa Milango Tisa

Inspekta alikuwa ameshaingia nyumba za matajiri, magodauni ya magendo na mochari tatu, na kote huko uso wake ulibaki mkavu kama unga. Studio Namba Moja ilimshinda hatua ya pili tu.

Mlinzi alisukuma mlango mzito wa chuma. Huku nje kulikuwa na korido inayonuka rangi na ndoo ya kudekia. Kule ndani kulikuwa na mtaa mzima, na juu ya mtaa, mbingu.

"Mama yangu!" alisema Inspekta, ingawa mama yake wakati huo alikuwa mbali akilisha kuku na hakuhusika kabisa.

Barabara ya mawe ilipanda kilima katikati ya nyumba za ghorofa, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye vibaraza, taa za barabarani zimeinama kama watu wanaosikiliza umbea. Mbali kabisa, labda mwendo wa robo saa, palikuwa na mnara wa saa. Nyuma ya mnara jua lilikuwa linazama, na juu kulia mwezi ulikuwa umeshawahi kufika, mkubwa kuliko heshima. Nje ilikuwa saa nne asubuhi. Humu ndani ilikuwa magharibi, na Inspekta alijikuta amefunga kifungo cha koti kwa kuhofia baridi ya jioni.

"Naweza kwenda mpaka kule mnarani?"

"Nenda tu, afande," mlinzi alisema, na alikuwa anajizuia kucheka. "Ila ukifika usishtuke."

Inspekta alipanda. Upande wa kushoto kulikuwa na milango yenye namba za shaba: mmoja wa mbao za misumari, mmoja wa buluu uliobabuka, mmoja wa nondo, na hakuna uliofanana na mwenzake. Milango tisa, yote ya kimo cha mtu. Baada ya wa tisa, dunia ikaanza kumfanyia utani. Nyumba zilipungua. Vibaraza vikashuka hadi mabegani, kisha kwenye kiuno. Hatua ya kumi na nane alikuwa amesimama kando ya mnara wa saa, na mnara ulikuwa unamfikia kifuani. Aligonga jiwe la barabara kwa kidole. Lilikuwa sponji. Aligusa shati lililoanikwa kibarazani, lingemtosha mdoli.

Alisimama pale, jitu lenye magoti mabovu na mkoba wa ngozi, na kwa muda akasahau kwamba amekuja kumkamata mtu.

"Wageni wote hufanya hivyohivyo," sauti ilisema kutoka chini. "Juzi waziri mmoja alikataa kutoka."

Huyo alikuwa Bosi wa kituo, mwanamume mfupi aliyevaa viatu virefu na suti iliyojitahidi kusaidiana navyo. Inspekta aliteremka, akiwa anarudi kuwa binadamu wa kawaida nyumba kwa nyumba. Kwenye kizingiti cha mlango wa tatu alimruka paka mnene wa kijivu aliyelala tumbo juu.

"Na huyu?"

"Meneja," mlinzi alijibu. "Tumempa cheo hicho kwa sababu analala kazini na hakuna wa kumfukuza."

Bosi alikohoa. Mlinzi akakumbuka kwamba ana kazi getini.

"Afande, nitakueleza kwa kifupi," Bosi alianza, naye akaeleza kwa kirefu. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mshindani mmoja hupita mbele ya milango hii tisa akitazamwa na nchi nzima. Nyuma ya mmoja kuna zawadi. Nyuma ya minane mingine kuna ukuta wa matofali uliochorwa, na ukifungua mmojawapo, mtangazaji anakuambia pole kwa sauti ya kufurahi. Mwaka huu zawadi ilikuwa nyumba, na nyuma ya mlango huwekwa mfano wake wa mbao wenye funguo. Jumamosi iliyopita mshindani alikuwa mama mmoja mwoka mikate. Alipita milango yote mara moja, akarudi hadi wa saba, akasema, "Huu." Ukafunguliwa. Nyumba ikawa yake.

"Kuna ubaya gani?" aliuliza Inspekta. "Si ndiyo kazi ya mchezo?"

"Ubaya ni ule utulivu! Washindani wote hutetemeka, hulia, huomba. Huyu alichagua kama mtu anayeingia kwake kutoka sokoni. Halafu tukagundua mambo mawili." Bosi aliinua kidole. "Mchoraji wa mandhari hii yote ni shemeji yake."

"Mligundua, au alisema?"

Kidole kilishuka kidogo. "Aliandika kwenye fomu. Mimi nikaisaini. Nilisaini nyingi siku ile. La pili: nyuma ya mlango wa saba kuna nyota ya chaki, na mkono ni wa huyo Mchoraji. Saa kumi leo natangaza hewani kwamba ushindi umefutwa. Mama arudishe funguo, Mchoraji mwondoke naye."

Inspekta alikumbuka alichokiona asubuhi ile alipopitia kwa Mama Mikate, kama mtaa ulivyomwita. Nyumba mpya, haina kiti hata kimoja. Watoto wanne walikuwa wameshagawana vyumba na kuandika majina yao milangoni. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba chake mwenyewe, mlango ameufunga, anausikiliza ukimya. Kabla ya Jumapili wote sita walikuwa wakilala chumba kimoja nyuma ya tanuri. Mama Mikate aliulizwa mara tatu, nani alikuambia? Mara tatu alijibu, hakuna. Akauma mdomo kama mwenye neno jingine, kisha akaufunga.

Saa kumi. Zilikuwa zimebaki saa sita.

*

Mchoraji alikuwa koridoni, amekalia ndoo ya rangi iliyofunikwa. Alikuwa na rangi kwenye nyusi, kwenye masikio, na kwa sababu ambazo Inspekta hakuuliza, kwenye ulimi.

"Wewe ndiye uliyefanya ule mji?"

"Mimi na watu saba na gundi nyingi, afande."

"Mnara wa saa ulinidanganya."

Kwa mara ya kwanza uso wa Mchoraji ulichangamka. "Ulifikiri ni mbali kiasi gani?"

"Robo saa."

"Robo saa!" Alijipiga goti. "Mke wangu alisema dakika tano. Nitamwambia." Kisha akakumbuka alipo, na uchangamfu ukazimika. "Afande, shemeji yangu sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Mlango unachaguliwa saa kumi na moja na nusu. Bosi anaokota namba kwenye mfuko mbele ya wakili. Mimi nilitoka saa tisa. Muulize mlinzi, ana daftari lake, anaandika hata inzi akitoka."

Inspekta alikuwa ameshalisoma. Mchoraji, saa tisa na dakika nne. Hakurudi. Inzi hawakuandikwa.

"Nyota ya chaki?"

"Ya kwangu. Niliichora Jumatatu."

"Baada ya mchezo? Ya nini?"

"Ya marekebisho. Rangi ya juu ya mlango, hapa kwenye kona, ilipasuka. Nikiona ufa naweka nyota nyuma ili kijana wa mbao ajue wapi pa kupiga msasa. Kila wiki lazima mlango mmoja upasuke! Mimi nasema ni mbao mbichi. Muuza mbao anasema ni rangi yangu. Tumeacha kusalimiana." Alitoa kijidaftari mfuko wa nyuma, kimejikunja kufuata umbo la makalio. "Angalia. Naandika yote, ili siku moja nimwaibishe."

Inspekta alifungua. Mwandiko wa kubanana, wiki kwa wiki. *Mlango wa 2, ufa juu kushoto. Mlango wa 5, ufa juu. Mlango wa 5 tena!! Mlango wa 8. Mlango wa 1. Mlango wa 7.*

Alisoma mara mbili. Kisha akarudi studio, akamkuta Bosi akimkemea mtu kwa simu, na akamnyooshea mkono kumaanisha akate.

"Wiki sita zilizopita. Zawadi ilikuwa nyuma ya mlango upi, wiki kwa wiki?"

Bosi hakuhitaji karatasi. Mtu haisahau milango iliyomnyima usingizi. "Wa pili. Wa tano. Wa tano tena, watu walilalamika. Wa nane. Wa kwanza. Wa saba."

Inspekta alikaa kwenye ngazi ya mawe. Ilibonyea, ikiwa ni sponji. Hakuona.

"Unaona?" Bosi alishtuka alipoonyeshwa daftari. "Anayo orodha! Amekamatika!"

"Bosi, huyu ni mwizi wa ajabu. Anaiba Jumamosi, anaandika Jumatatu, halafu anakupa daftari." Alilifunga. "Mchoraji hajui alichoandika. Kila mlango wenye zawadi unapasuka rangi. Kuna kitu kinaufanya hivyo, na kitu hicho hakiifanyi ile minane. Nionyeshe picha za Jumamosi."

*

Chumba cha kukatia picha kilikuwa na skrini nyingi na kiti kimoja kizima. Inspekta alikichukua. Bosi alisimama akibonyeza vitufe.

Katika skrini mtaa ulikuwa mzuri zaidi hata kuliko kwa macho: mawe yalilowa mvua ambayo haikunyesha, madirisha yaliwaka, na mji ulienda hadi mwisho wa dunia. Inspekta aliyekuwa amesimama kando ya mnara ule dakika chache zilizopita aliamini tena kwamba uko mbali. Alijikasirikia, kisha akaamini tena.

Mama Mikate akaingia, mwanamke mnene wa gauni la maua, viatu vya kuazima. Watu walipiga makofi. Akaanza kupita mlango wa kwanza, wa pili, taratibu, macho chini. Hakuitazama milango.

"Rudisha," alisema Inspekta.

Bosi akarudisha.

"Tena. Polepole. Mkono wa kushoto."

Mkono wa kushoto ulikuwa umetoka kidogo mwilini, mgongo wa kiganja umeelekezwa milangoni, kama mtu anayepita kando ya ng'ombe asiyemwamini. Haukugusa. Ulipita. Mlango wa nne, wa tano, wa sita. Kwenye wa saba vidole vilijikunja ghafla, mara moja, kisha vikaning'inia tena kwa adabu. Akaendelea hadi wa tisa, kwa heshima ya mchezo tu. Akarudi.

"Ishara!" Bosi alipiga kelele. "Anampa mtu ishara!"

"Mtu gani? Una kamera tisa. Nitafutie aliyemjibu."

Walitafuta. Mtangazaji alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kamera. Hadhira ilikuwa gizani. Hakuna aliyejibu.

"Baada ya kuokota namba, nani anaijua?"

"Mimi na wakili, ambaye nakaa naye chumba kimoja hadi mwisho. Na Mzee wa Taa, kwa sababu ndiye anayesukuma zawadi mahali pake na kuiwekea mwanga. Simu yake inabaki kwa mlinzi. Zamani walikuwa watu wanne. Nikapunguza, siri isivuje."

"Basi twende kwa Mzee wa Taa."

*

Nyuma ya mtaa hapakuwa na mtaa. Kulikuwa na mbao zimeegemezwa, kamba, mifuko ya mchanga, na nyumba zote zilionekana zimevuliwa nguo. Inspekta alipapenda kuliko mbele. Mji mzima ulikuwa unene wa kidole, umesimamishwa na misumari na imani.

Mzee wa Taa alikuwa anafuta balbu kwa kitambaa laini, akiishika kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Miaka thelathini na moja studioni. Alikuwa na miwani miwili: mmoja usoni, mwingine kichwani ukisubiri zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Usisogee, utanikanyagia waya." Inspekta, mwenye wajukuu wawili, hakusogea na hakukataa ubinti.

"Jumamosi Bosi alikuonyesha namba saba. Ukafanya nini?"

"Nikasukuma zawadi mlango wa saba. Nikateremsha pazia jeusi, nikawasha taa zangu sita. Kisha nikamwondoa paka kwa ufagio, siku hiyo alikuwa ameng'ang'ania kizingitini."

"Ukaziwasha wakati mlango unafunguliwa?"

Mzee alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama chai hupikwa kwa maji ya baridi. "Hizi ni balbu za zamani, binti. Za uzi. Ukiziamsha kwa ghafla zinakufa. Mwaka fulani moja ilinipasukia hewani, nchi nzima ikasikia pwaa, na mshindi akalala chini akidhani amepigwa risasi. Tangu siku hiyo naziwasha nusu saa kabla. Zinakolea taratibu. Mlango ukifunguka, mwanga haumuliki, unamwagika. Wale vijana wanataka niweke hizi taa mpya, nyeupe, za baridi. Mwanga wake ni kama wa hospitali! Mtu ameshinda nyumba, unammulika kama unamtafutia jino bovu?"

"Na mwanga hauvuji kwenye nyufa?"

"Jaribu." Alijivuna waziwazi. "Pazia tabaka mbili. Hata uzi mmoja haupenyi. Bosi mwenyewe alikuja kukagua."

"Kweli," alisema Bosi.

"Na leo asubuhi umewasha mahali?"

"Mlango wa tatu. Nilikuwa najaribu balbu mpya."

Inspekta alichungulia kwenye pengo la mbao. Upande wa pili, kwenye kizingiti cha mlango wa tatu, Meneja alikuwa amegeuka ubavu wa pili, kama chapati.

Aliweka kiganja juu ya ukingo wa mlango, palipo na rangi ya kona. Alisubiri. Alihisi plaiwudi. Kiganja chake kilikuwa cha kushika faili, hakikumwambia lolote zaidi.

"Mzee," alisema polepole, "mwanga umeufungia. Joto je?"

Kitambaa kilisimama juu ya balbu. Mzee wa Taa alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya usoni, akautazama mlango wa tatu kwa macho manne. Midomo yake ilikuwa inahesabu: wa pili, wa tano, wa tano.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Ni mimi."

*

Mama Mikate aliletwa saa nane, aproni kiunoni, unga kwenye viwiko. Alipowaona wote wamesimama mtaani, Bosi, Inspekta, Mzee wa Taa, na shemeji yake aliyeinuka kwenye ndoo, aliacha kutembea.

"Wanangu hawajafanya kitu," alisema mara moja. "Funguo ninazo hapa. Ila mama mkwe msimwondoe leo, leo miguu inamuuma."

"Hakuna anayeondolewa," Inspekta alisema. "Mama, tanuri lako lina kipimo cha moto?"

"Kipimo gani? La matofali lile, la marehemu baba mkwe."

"Unajuaje kama limekolea?"

Mama Mikate aliinua mkono wa kushoto, akauangalia, kisha akaushusha nyuma ya gauni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Bosi," Inspekta alisema, "sisi wote tutoke nje. Wewe na Mzee mbaki. Chagua mlango wowote, awashe nusu saa. Kisha tuite."

Nusu saa ile koridoni, Mchoraji alimtazama shemeji yake na shemeji alitazama sakafu. Mlinzi aliuliza kama kuna mtu anataka karanga.

Walipoitwa, Mama Mikate alianza kupanda mtaa bila kuinua macho. Mkono ulitoka. Mlango wa kwanza. Wa pili. Meneja alikuwa amefungiwa ofisini kwa maombi ya Inspekta, na alikuwa akilalamika kwa sauti. Wa tatu, wa nne. Kwenye wa nne vidole vilisita. "Huu ulikuwa na moto asubuhi?"

"Wa tatu," alinong'ona Mzee wa Taa.

"Basi joto lake limeegemea huku." Akaendelea. Wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Akasimama. "Huu."

Bosi alifungua kwa mkono wake mwenyewe. Mwanga wa dhahabu ulimwagika juu ya viatu vyake virefu.

"Bahati," alisema, ingawa sauti yake haikumuunga mkono. "Mara moja si ushahidi. Tokeni tena!"

Walisubiri hadi milango yote ipoe, saa nzima, kisha wakaitwa tena. Safari hii Bosi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha kadi. Mama Mikate alipita wa kwanza hadi wa tisa. Akarudi wa tisa hadi wa kwanza. Akasimama katikati ya barabara, na kwa mara ya kwanza alimtazama Bosi machoni.

"Baba, hapa hujaweka kitu."

Tabasamu lilidondoka. Mzee wa Taa alitikisa kichwa kwa mshangao. "Aliniambia nisiwashe hata mmoja."

Inspekta alikuwa ameshinda akistaajabia mji uliodanganya macho ya nchi nzima, na hapa palikuwa na mwanamke ambaye mji huo haukumdanganya kwa sababu hakuutazama.

"Mama," Bosi alisema, sauti imeshuka, "kwa nini hukusema?"

"Mliniuliza nani ameniambia. Nikasema hakuna. Hamkuniuliza nimejuaje." Alijifuta unga usiokuwepo. "Na niliogopa. Nilijua kuna moto nyuma ya mlango, nikasema labda ni wizi. Nilitaka kukuambia, nikawaona watoto wameandika majina milangoni. Nikanyamaza. Hapo mniadhibu."

Bosi alimgeukia Inspekta kwa matumaini. "Umesikia? Wizi!"

Inspekta alitoa kwenye mkoba karatasi ya masharti, iliyopigwa muhuri wa kituo. "Mshindani haruhusiwi kugusa mlango, kubisha, wala kuelekezwa na mtu. Kagusa?"

"Hakugusa."

"Kabisha? Kaelekezwa?"

Bosi alisoma karatasi yake mwenyewe mara mbili akitafuta neno joto. Halikuwepo. Saa ya ukutani, ile ya kweli, ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

"Shemeji," alisema Mchoraji kwa sauti kavu, "miezi miwili nimegombana na muuza mbao."

"Pole, shem."

"Mtu hakuwa na kosa hata kidogo!"

Mlinzi aliyekuwa ametokea na karanga zake alianza kucheka, Inspekta akafuata, na hata Bosi mdomo wake ulicheza. Mzee wa Taa peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nane, kitambaa mapajani.

"Basi zimekwisha," alisema. "Balbu zangu. Mtaweka zile za hospitali. Siwalaumu, siri imetoka kwangu."

"Lazima, mzee," Bosi alisema, na safari hii hakufurahi kusema. "Kesho kila mwoka mikate wa nchi hii ataomba kushiriki."

Mama Mikate alimtazama mzee, kisha taa sita nyuma yake, kisha mtaa wote hadi mnarani.

"Kwani mnazo ngapi?"

"Balbu? Hamsini na nne stoo. Nimeziweka kama mayai."

"Sita mara tisa," alisema Inspekta, ambaye alikuwa ameanza kuelewa.

"Sasa kwa nini uwashe mlango mmoja?" Mama Mikate aliuliza, kama anayemshauri jirani juu ya kuni. "Mimi nikiwa na matanuri tisa yote yamekolea, nitajuaje mkate uko lipi? Washa yote."

Mzee wa Taa alivua miwani yote miwili.

Ilichukua muda. Bosi alikwenda hewani saa kumi akatangaza kwamba ushindi ni halali, kwa maneno machache kuliko alivyowahi kutumia maishani. Aliporudi, Mchoraji na mlinzi walikuwa bado wanabeba balbu, Inspekta akiwa ameshika ngazi kwa mikono miwili kama kuruta. Kisha wakasubiri nusu saa, mtaa ukiwa na giza, na hakuna aliyetaka kuondoka.

"Fungueni," Mzee alisema kutoka nyuma.

Milango tisa ilifunguka pamoja, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika. Mwanga ulitoka kila mlango ukashuka ngazi, ukajaza barabara, ukapanda kuta za sponji na kuzifanya mawe. Nguo zilizoanikwa zikawa na jua lake. Mbali, mwendo wa robo saa, mnara uliwaka, na juu yake mwezi wa Mchoraji ulionekana kuchomoza kwa mara ya kwanza. Mchoraji mwenyewe alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, kama mtu aliyeonyeshwa kazi ya mwingine. Meneja, aliyeachiwa huru, alikwenda mlango wa kwanza, akaenda wa nne, akaenda wa saba, akasimama katikati ya mtaa asijue alale wapi.

Mama Mikate alinyoosha mkono wa kushoto. Alipita taratibu, mlango kwa mlango, hadi wa tisa, na kila mahali vidole vyake vilijikunja. Aligeuka, uso wote wa dhahabu.

"Hapa," alisema, "hata mimi ningekosa."